Usiku niliomzimia mwimbaji maiki

Kumnyamazisha mtu jukwaani hakuhitaji nguvu. Ni kidole kimoja juu ya kitufe cha kuteleza kwenye miksa, ile meza ya kupangia sauti, safari ya sentimita 10 kutoka juu hadi chini. Najua kwa sababu nimeshafanya.

Mimi ni fundi mitambo wa matamasha, na kazi hii nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba sikio la kushoto limeanza kunidai. Nakaa katikati ya ukumbi nyuma ya miksa, nikitazama jukwaa kwa mbele huku nimezungukwa na mashabiki. Hakuna anayenitambua, na siku nikitambuliwa ujue kuna kitu kimeharibika. Lakini ukikaa pale unaona jambo ambalo msanii halioni kwa sababu taa zimempiga machoni, na shabiki halioni kwa sababu kainua kichwa kutazama jukwaa. Unawaona wote wawili kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana huwa nachoka nikisikia watu wakibishana kama mwanamuziki aongee siasa jukwaani au aimbe tu ashuke. Mmoja atasema, "Tumelipa kiingilio tusikie muziki, si hotuba." Mwenzake atajibu kwamba msanii ni kioo cha jamii, halafu ataishia hapo, kana kwamba akishasema kioo kila kitu kimejibiwa. Nami nilikuwa hivyo hivyo, nikiyumba pande zote kutegemea nani kaongea mwisho. Usiku mmoja ndio ulioniweka pabaya.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Bendi ilikuwa nzuri, ya watu tisa, na mwimbaji kiongozi ni mtu ambaye kwa kawaida haongei kati ya nyimbo. Anamaliza, anakunywa maji, anahesabu, wanaingia. Baada ya wimbo wa tano hakuhesabu. Alijifuta jasho, akashika stendi ya maiki kwa mikono miwili, akasema, "Kabla hatujaendelea nina neno."

Mwandaaji alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliuhisi mkono wake begani kabla sijasikia sauti.

"Shusha."

Nikageuka kumtazama. Akapitisha kiganja shingoni.

"Shusha bwana, mdhamini kakaa mstari wa mbele."

Nikashusha.

Hapa kuna jambo la kifundi ambalo lazima nilieleze, kwa sababu ndilo lililofanya usiku ule unikae kichwani. Sauti ya mwimbaji ikifika kwenye miksa hugawanywa njia mbili. Moja huenda kwenye spika kubwa zinazowatazama mashabiki. Nyingine hurudi jukwaani kwenye zile spika ndogo za sakafuni, ili ajisikie mwenyewe. Kwa kawaida hiyo ya pili tunaichukua kabla ya kitufe cha kuteleza, ili fundi akipandisha na kushusha sauti ya ukumbini asimvuruge aliye jukwaani. Maana yake ukimshusha mtu hadi chini kabisa, ukumbi haumsikii, lakini yeye anajisikia vizuri tu.

Basi mwenzetu aliendelea kuongea. Karibu dakika nzima. Watu wa mbele walikuwa wanapata mabaki ya sauti kutoka kwenye zile spika ndogo, nikawaona wakiweka viganja masikioni. Waliokuwa nyuma walimwona akifungua na kufunga mdomo. Wachache wakaanza kupiga mluzi. Yeye, kwa kuwa anajisikia, akadhani kimya kile ni cha watu wanaosikiliza, akazidi kunogewa. Alifungua mikono. Aliinama mbele kidogo, kama mtu anayemweleza jambo ndugu yake.

Mpiga besi ndiye aliyetambua. Alisogea akamnong'oneza. Mwimbaji akanyamaza, akatazama katikati ya ukumbi, moja kwa moja pale nilipokuwa, ingawa kwa taa zile hakika hakuniona. Kisha akainua kidole, akahesabu, wakaingia wimbo wa sita. Nikampandisha. Sauti yake ikarudi ikiimba mapenzi kana kwamba hapakuwa na kitu.

Baadaye nilikuwa nikikunja nyaya akaja kusimama pembeni yangu.

"Fundi, nilikuwa nasema nini?"

"Sijui, kaka."

"Hujui." Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ningekuwa nimemtukana mtu ningekuelewa. Wewe hata hujui umezima nini."

Sikuwa na jibu. Nilimuuliza mpiga besi siku chache baadaye. Akaniambia jamaa alikuwa anawahimiza vijana wakajiandikishe kupiga kura, halafu kulikuwa na sehemu ya pili, ila hiyo ya pili hakufika.

Kwa muda nilijitetea. Mwandaaji ndiye anayelipa, mimi ni mkono wake. Na sitaki kumfanya aonekane shetani, maana hofu yake haikuwa ya kubuni. Kibali cha tamasha kimeandikwa jina lake, mdhamini anaweza kuondoka kesho, na nimeshaona chupa zikirushwa kwa maneno madogo kuliko yale. Anayesema "aache aongee tu" mara nyingi si yeye atakayefagia vioo.

Kilichoniharibia utetezi ni tamasha jingine, la mwandaaji yule yule, kama miezi miwili baadaye. Mwimbaji mwingine alisimamisha muziki akamsifu mgombea mmoja aliyechangia gharama za taa. Alimsifu kwa jina, akasifu na familia yake, akawataka watu wampungie mkono. Ilikwenda zaidi ya dakika kumi. Nikageuka nyuma nikisubiri kiganja kipite shingoni. Mwandaaji alikuwa anapiga makofi.

Tangu hapo nikawa sidanganyiki tena na ile kauli ya kwamba jukwaani hapafai siasa. Siasa zipo jukwaani kila wiki. Zikimpendeza anayelipa huitwa shukrani, zisipompendeza huitwa siasa.

Tuliyabishania sana haya kwenye gari la vyombo, usiku, watu wamechoka na hawana pa kwenda. Mpiga kinanda wa bendi moja niliyozunguka nayo alikuwa na mfano wake mmoja, na aliutoa kila mara: wale akina dada watatu wa Marekani waliojulikana wakati ule kama Dixie Chicks. Tarehe 10 Machi 2003, London, siku chache kabla ya Marekani kuivamia Iraq, mwimbaji wao Natalie Maines aliuambia ukumbi kwamba wanaona aibu rais wa nchi yao kutokea Texas, jimbo lao. Ilikuwa sentensi moja kati ya nyimbo. Haikupita muda vituo vya redio vya muziki wa kantri vikaacha kupiga nyimbo zao, watu wakakusanyika kuponda diski zao, na vitisho vya kuuawa vikafuata. "Sentensi moja," alikuwa akisema mpiga kinanda, akiinua kidole kwenye giza la gari. "Hesabu mwenyewe bei ya kila neno."

Mimi nilimkumbusha upande wa pili, kwamba mwaka 2007 walichukua tuzo tano za Grammy kwa kazi waliyoitoa baada ya mkasa ule. Alinijibu kitu ambacho hadi leo sijaweza kukipangua: "Wao walikuwa wameshakuwa matajiri."

Nami nilikuwa na mfano niliougopa, kwa sababu ulikuwa unanipinga mwenyewe. Agosti 1976, Birmingham, Uingereza, mpiga gitaa Eric Clapton alisimama jukwaani amelewa, akamsifu Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga wahamiaji, na kusema wageni wafukuzwe nchini. Na huyu ni mtu ambaye miaka miwili tu nyuma wimbo wa Bob Marley ulimpandisha hadi namba moja Marekani. Hasira zilizofuata zilizaa vuguvugu la Rock Against Racism, la wanamuziki kupinga ubaguzi wa rangi, mwaka ule ule, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alikiri kuona aibu. Kwa hiyo ukisema "msanii aachwe aongee", ujue umemwachia na huyo. Niliwaza sana: ningekuwa mimi kwenye miksa usiku ule wa Birmingham, kidole changu kingefanya nini? Najua kingetamani kufanya nini. Lakini kama kingeshuka, watu wangeondoka wakisema jamaa alilewa maiki ikaharibika, basi. Walimsikia, ndiyo maana waliweza kumjibu.

Mambo hayakuwa mepesi namna hiyo siku zote. Bendi ile ya mpiga kinanda ilivunjika, na nilikuwepo.

Mwimbaji wao alikuwa na kipaji na alikuwa na hasira, na kwa kweli sehemu kubwa ya hasira yake niliiunga mkono. Siku hiyo alisimama baada ya wimbo wa pili akaanza. Sikushusha kitu. Nilikuwa nimeshajiapia. Dakika tano zikapita, zikawa kumi. Wanaomuunga mkono walishangilia, wakachoka, wakaanza kutazama simu. Wasiomuunga mkono walianza kutoka kimya kimya kupitia mlango wa pembeni. Mpiga tumba alikuwa amekunja mikono. Mpiga dramu aliweka fimbo zake juu ya ngoma ndogo taratibu, akazipanga sambamba, akazitazama. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa ameambiwa kwamba usiku ule wangesimama nyuma ya hotuba.

Wiki iliyofuata maonyesho mawili yakafutwa. Mwimbaji alikuwa na jina, akaitwa kwingine peke yake, wengine hata walimpongeza kwa ujasiri. Mpiga dramu alikuwa na watoto wanaosoma. Alinipigia kuniuliza kama nimesikia pa kupiga, popote, hata kwenye harusi. "Mimi mbona sikusema kitu," aliniambia. "Nilikaa tu nyuma yake."

Hicho ndicho ninachokiona watu wakikipita haraka. Tunazungumzia haki ya msanii kana kwamba msanii ni mtu mmoja. Maiki anashika mmoja, lakini nyuma yake kuna watu, na wote huonekana wamekubali kwa sababu tu hawakuondoka. Na mbele yake kuna wengine elfu moja ambao hawana maiki kabisa. Wanachoweza ni kushangilia, kuzomea au kutoka. Kwenye mkutano wa siasa mtu atainua mkono aulize swali. Kwenye tamasha ataanza kuuliza, dramu zitaingia.

Isipokuwa pale ambapo watu wamekuja wakijua. Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria, kwenye ukumbi wake wa Shrine kule Lagos, aliongea kati ya nyimbo hadi maongezi yenyewe yakapewa jina, "yabis". Aliyekwenda kule hakushtuka kusikia serikali ikichambuliwa, alikuwa ameifuata. Na Fela hakuwaficha watu bei yake. Februari 1977 wanajeshi kama 1,000 walivamia makazi yake, wakayateketeza, wakamtupa mama yake kutoka dirishani. Mama huyo alifariki mwaka uliofuata. Mtu wa namna hiyo siwezi kumwambia aimbe tu ashuke. Lakini pia siwezi kumruhusu kila anayetafuta makofi ajifananishe naye.

Aliyenionyesha namna nyingine ni mwimbaji wa kike niliyefanya naye kazi msimu mmoja, mtu mkali kwa mambo ya kazi. Siku tatu kabla ya onyesho aliwaita wenzake wote, na mafundi pia, akatusomea sentensi nne alizotaka kusema. Akauliza nani hazimkai sawa. Mpiga gitaa akasema hazimkai. "Sawa," alisema mama yule. "Utatoka kwenda kunywa maji, utarudi kwenye wimbo unaofuata. Hakuna atakayekuuliza." Kwenye ile karatasi ya orodha ya nyimbo inayobandikwa sakafuni kwa gundi ya utepe, kati ya wimbo wa kumi na wa kumi na moja, aliandika neno moja: SEMA. Hata mimi nilipewa nakala. Aliniomba niwashe taa za ukumbini kwa dakika hiyo, maana alitaka kuona nyuso za anaowaambia. Taa zikawaka, watu wakashtuka kidogo, wakajitazama. Akasema zake nne. Wengine walizomea, akawasikiliza hadi walipomaliza. Kisha akashukuru, taa zikazima, na mpiga gitaa alikuwa ameshasimama mahali pake.

Nilipomsimulia mwenzangu mmoja, aliniambia habari ya Daniel Barenboim, kiongozi wa okestra, mwaka 2001 Jerusalem. Tamasha lilikuwa limekataa muziki wa Wagner, mtunzi Mjerumani wa zamani, ambaye kwa wengi pale ni jina lenye damu, kwa jinsi Wanazi walivyomtukuza. Barenboim alipiga orodha aliyokubaliana nao hadi mwisho. Ndipo akageuka kwa watu, akawaambia angependa kuongeza kipande cha Wagner, asiyetaka anaweza kuondoka. Walibishana humo humo ukumbini kama nusu saa. Wengine walipiga kelele, wakatoka wakibamiza milango. Waliobaki wakasikiliza. Sisemi alifanya sawa, wapo walioumia na sina haki ya kuwapimia maumivu yao. Ninachokipenda ni ile nusu saa. Aliwaacha wamjibu.

Na urefu nao una maana yake. Mmarekani Bruce Springsteen alipopiga Berlin Mashariki, Julai 1988, mbele ya zaidi ya watu 100,000, alisema maneno machache kwa Kijerumani kutoka kwenye karatasi: hakuja kuunga mkono wala kupinga serikali yoyote, amekuja kupiga rock 'n' roll akitumaini siku moja vizuizi vyote vitabomolewa. Karatasi ya mwanzo ilikuwa na neno "kuta". Lilibadilishwa likawa "vizuizi" muda mfupi kabla hajalisema. Wapo wanaoona kubadilisha kule ni woga. Mimi naona kila aliyekuwa pale alijua ni kizuizi gani kinasemwa, na mitambo haikuzimwa. Akaingia wimbo. Ukuta wa Berlin, uliougawa mji ule, ulianguka mwaka uliofuata, na sitasema ni kwa sababu yake. Nimefanya kazi na spika za kutosha kujua haziangushi kuta.

Siku hizi, simu zikiwa juu tangu wimbo wa kwanza, ule uzimaji wangu usingefanya kazi, au ungefanya kazi vibaya zaidi. Anayesimama mita mbili kutoka jukwaani angerekodi sauti kutoka kwenye spika za sakafuni, na kesho yake sekunde kumi na tano zingekuwa kila mahali, bila kilichotangulia wala kilichofuata. Naona wasanii wengi bado wanaongea kana kwamba wako na watu wa ukumbi ule tu.

Nimejiwekea taratibu chache. Mwandaaji akiniita namwambia mapema kwamba sishushi maiki ya mtu anayeongea, labda kuna hatari ya watu kuumia. Akitaka wa kushusha atafute mwingine. Wawili wametafuta mwingine. Na mwimbaji namuuliza wakati wa kupima sauti, "Kuna kitu utasema?" Wengine hukasirika, wanadhani nawachunguza. Nataka tu kujua niweke sauti vipi, maana maneno ya kawaida huzama kwenye besi iliyopangwa kwa ajili ya kuimba.

Mwaka jana nilipimwa. Kijana mmoja, sauti tamu ajabu, alisema jukwaani jambo ambalo mimi nalichukia, tena si kidogo. Nilihisi joto likipanda masikioni. Mwandaaji alinitazama, na safari hii alikuwa ananiomba kwa macho, na safari hii hata mimi nilikuwa nataka. Nikaingiza mikono mfukoni. Nusu ya ukumbi ilizomea, kwa sauti iliyopita ile ya spika zangu, na kijana akaonekana mdogo ghafla kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Akaimba nyimbo mbili, akashuka.

Yule mwimbaji wa kwanza tulikutana tena baada ya miaka. Nilikuwa nimepewa kazi bila kujua ni bendi yake. Nadhani naye hakujua fundi ni nani hadi aliponiona nikivuta nyaya. Tukasalimiana vizuri. Hakugusia chochote, nami sikuwa na ujasiri wa kuanza. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti bado vimepangwa juu ya vingine. Ilipofika zamu ya maiki yake aliigonga mara mbili kwa kidole.

"Fundi, hii inafika nyuma?"

"Inafika, kaka."

"Nenda ukasikilize."

Nikaiacha miksa nikatembea hadi ukuta wa mwisho, nikageuka. Kutoka pale alikuwa mdogo kama kidole. Akasema moja, mbili. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Wajiandikishe."

Nikainua mkono.